Ncha ya Sikio la Kushoto

Kila asubuhi Coleta alifungua ofisi ya mifugo iliyo ndani ya soko la nafaka, akasoma kipimajoto cha friji ya chanjo, akaandika daftarini, kisha akawamwagia paka ukoko wa ugali kwenye mfuniko wa ndoo nyuma ya mlango. Jumanne hiyo hakufika kwenye ukoko. Paka wa njano asiye na mkia alikuwa amekaa juu ya daftari. Coleta alikuwa amemzika Ijumaa, karibu na bomba.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatwa ncha. Mkato ulinyooka, na kidonda kilikuwa kimepona vizuri.

"Wako arobaini na mmoja," alisema Mzee Romani, mlinzi wa soko, aliyejifunga blanketi kwa ajili ya upepo. "Wamekuja alfajiri. Nimewafungulia geti, ningefanyaje? Ni wa humu humu."

"Shikamoo, mzee," alisema Coleta, maana alikuwa hajasalimia.

"Marahaba, binti."

Mwezi uliopita kamati ya soko ilikutana kuhusu paka waliozidi. Coleta aliandika kurasa tatu: wakamatwe, wahasiwe, wakatwe ncha ya sikio la kushoto ili wajulikane, warudishwe walikotoka. Mwenyekiti, Bwana Flavian, aliweka chupa ya chai juu ya kurasa hizo, na wajumbe wakapitisha sumu. Coleta alisubiri ajenda ya mwisho, mengineyo, ndipo aseme.

"Mengineyo hakuna," alisema Flavian, wakafunga kwa sala.

Na kwa kuwa sumu huchanganywa na mtaalamu, Coleta, daktari wa mifugo, ndiye aliyevaa glavu akaichanganya na dagaa. Walikufa paka arobaini na mmoja.

Sasa paka walikuwepo. Walipita kwenye vumbi la unga mashineni bila kuacha alama. Ukiwagusa, walikuwa na ubaridi wa mahindi ya chini kabisa ghalani. Hawakula, hawakulia, na panya waliwaogopa vilevile. Mama Minza, aletaye mchele kutoka Mtowisa, aliwasifu mbele ya wenzake.

"Hawa wa sasa wana adabu. Hata kichwa cha samaki hawagusi! Daktari, uliwapa dawa gani? Nikampe na mume wangu."

Wanawake walicheka mpaka wakashikilia magunia. Coleta alitabasamu akitazama viatu vyake.

Jioni, alipofunga ofisi, wote arobaini na mmoja walikuwa wamejipanga barazani, wakiutazama mdomo wake. Kesho yake vilevile. Na keshokutwa.

"Mimi waliniangalia mara moja wakaniacha," alisema Mzee Romani. "Wewe wanakusubiri."

Wiki iliyofuata kamati ilikutana tena. Paka waliingia pamoja na wajumbe, wakakaa ukutani. Mjumbe mmoja alimsogeza paka wa njano ili apate kiti. Flavian aliwatazama kwa kuridhika.

"Hawazai, hawali, hawapigi kelele, na panya hakuna. Tumefaulu. Sasa twende kwenye maghala yetu ya Mollo. Daktari, Alhamisi utatuchanganyia tena."

Mikono ya wajumbe ilinyooshwa, yote. Coleta alilijua ghala moja la Mollo. Juu ya magunia ya ulezi kulikuwa na paka mweusi mwenye watoto wanne, macho yao yalikuwa hayajafunguka.

"Mengineyo hakuna," alisema Flavian. "Tusimame kwa sala."

Wote walisimama. Coleta alisimama pia, lakini hakukunja mikono.

"Mengineyo yapo, Mwenyekiti."

Sauti ilikuwa ndogo. Paka arobaini na mmoja waligeuza masikio.

"Sema, mwanangu," alisema Flavian, kwa upole kabisa.

"Mimi sichanganyi tena."

"Usijali. Zenon wa duka la pembejeo atachanganya." Zenon, kwenye kona, aliitikia kwa kichwa. "Kingine?"

"Niliandika wakatwe sikio, warudishwe."

Flavian aliinua chupa ya chai, akazitazama zile kurasa tatu zilizokuwa bado chini yake, zenye alama ya duara, kisha akawatazama paka ukutani, sikio moja baada ya jingine.

"Si wamekatwa?" aliuliza. Aliuliza kwa nia njema. "Si wamerudi?"

Paka wa njano alikuja akakaa juu ya kiatu cha Coleta. Baridi yake ilipanda mpaka gotini.

"Nilitaka warudi wakiwa hai," alisema Coleta.