Kompyuta Mbili Kwenye Mizani ya Ndagala

"Ondoa kidole," alisema Mama Mapendo. "Weye unasaidia mizani."

Noella aliondoa kidole. Mshale ulitetemeka, ukarudi nyuma kidogo, ukatulia kwenye kilo moja na robo. Juu ya sahani ya mizani, palipotandikwa gazeti kuzuia mafuta ya ndagala, ilikaa kompyuta ya rangi ya fedha, nyembamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza.

"Sasa ongeza chargeur yake."

Chargeur, yaani chaja, ilikuwa nzito kama pasi. Mshale ulipanda hadi karibu na kilo mbili. Noella aliandika, akaipangusa kompyuta kwa pindo la kitenge chake, akaweka ile ya pili. Hii ilikuwa nyeusi, kona zimekwaruzwa, herufi ya A imefutika kabisa kwenye kitufe chake. Pamoja na chargeur yake ilifika kilo moja na gramu mia mbili.

"Hii imekonda," alisema Mama Mapendo, ambaye kibanda chake cha ndagala, yaani dagaa, kilikuwa kando ya ofisi ya Noella, pale mtaa wa Rugenge. "Minye nikiuzisha ndagala ya uzito hii, watu wataniita mwizi. Na ile ingine iko muzuri! Chukua ile."

"Mama, weye hauipandishi mlima."

Kupima kule kulikuwa na sababu yake. Noella alikuwa karani wa ushirika wa wafugaji. Mara mbili kwa mwaka alipanda na wachanjaji hadi kwenye malisho ya juu, mwendo wa siku mbili kwa miguu, akaandika kila ng'ombe aliyechomwa sindano: jina lake, rangi yake, mwenyewe, tarehe. Kompyuta aliyokuwa akibeba miaka yote hiyo ilikuwa na kilo nne. Aliiita Tofali. Ilikuwa imemwachia alama begani, na kila safari alipofika juu alikaa chini kwanza kabla ya kusalimia watu, jambo ambalo kule juu si adabu.

Mwaka huu ushirika uliamua kununua mbili nyepesi: moja ya Noella, moja ya sekretere Étienne. Chérie, muuzaji wa kompyuta kule Kavimvira, alikubali wazijaribu hadi Ijumaa saa sita mchana, na kama kawaida yake alibaki na carte d'électeur ya Noella, kadi yake ya kupigia kura, kuwa rehani. Ijumaa hiyo mwenyekiti wa ushirika, Mzee Ngoga, angetia sahihi. Jumatatu safari ingeanza.

Kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, Étienne angechagua kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa ofisini. La pili, mashine ambayo Étienne angeikatalia isiingie ofisini ingerudi Kavimvira, na Noella angelibeba Tofali mgongoni kama zamani.

Sharti la kwanza halikumsumbua Noella. Ile ya fedha ilikuwa kama imeshonwa kwa vipimo vya Étienne, mtu anayepiga shati pasi hata akienda kuteka maji. Tena betri yake ilidumu saa moja tu. Noella alikuwa ameipima mara tatu. Mjini hilo lilivumilika. Kule juu kulikuwa na panneau moja ya umeme wa jua, na sanduku la kupoozea chanjo ndilo lililokuwa na haki ya kwanza. Ile nyeusi ilidumu saa sita na nusu. Ilikuwa na ila ndogo tu: sauti yake ilikwaruza kama chura, na Chérie aliileta tupu, bila Windows wala mfumo wowote ndani.

Hapo ndipo sharti la pili lilipouma. Étienne alikuwa ametangaza mbele ya watu:

"Mu bureau yangu haiingie mashine bila Windows. Hapana, hapana na hapana."

Hakuwa mkaidi bure. Miaka iliyopita kijana mmoja mjuaji alimbadilishia mfumo bila kumuuliza, na barua za wiki tatu zikapotea. Étienne alizunguka kwa wafugaji kumi na mmoja akiomba radhi, nyumba kwa nyumba, akiwa na tai shingoni. Noella alilijua hilo na hakumlaumu. Alitafuta tu njia ya kupita pembeni: ile nyeusi ionekane ya kawaida mpaka ikubaliwe ofisini, kisha iwe yake.

Alikuwa na clé USB tatu, vijiti vidogo vya kuhifadhia faili, na katika kila moja aina tofauti ya Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kazi hiyo alijifunza mwenyewe, akiandika kila hatua kwenye daftari, pamoja na makosa. Alijua kwamba mifumo hiyo unaweza kuionja kwanza kutoka kwenye clé, kama mtu anavyoonja mchuzi kwenye kiganja, kabla ya kuipakua. Wa kwanza ulikuwa mweusi wote, maandishi matupu. Wa pili ulikuwa mzuri, lakini haukukitambua kipanya. Wa tatu ulimsalimia kwa Kifaransa, ukakaa sawa, ukaenda mbio.

Akaupakua wa tatu ndani ya ile nyeusi, kisha akaanza kuuvalisha ufanane na Windows. Menyu aliishusha kwenye kona ya chini kushoto, pale mkono wa Étienne ulipozoea. Alama za faili alizipanga kama zilivyokuwa kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi. Nyuma aliweka picha ya kilima cha majani mabichi. Folda ya kwanza aliiita *Barua za Sekretere*. Jumatano yote iliishia hapo. Hakuwa anadanganya, alijiambia. Alikuwa anapanga vitu. Akiulizwa, atajibu.

Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi, vipimo vimekamilika, na Noella aliziingiza zote mbili ofisini zikinuka ndagala kidogo.

Étienne alikunja mikono ya shati na kukaa mbele ya ile nyeusi kwanza, kama mtu anayetaka kumaliza haraka kazi mbaya. Akaandika barua. Akafungua orodha ya chanjo ya mwaka jana, ile ambayo kwenye Tofali ilihitaji mtu akanywe chai kwanza. Ikafunguka kabla hajaegemea kiti.

"Hm," alisema.

Akaifunga, akaifungua tena.

"Hii ni Windows ya ngapi?"

"Iko mupya kabisa, Sekretere," alijibu Noella, macho yakiwa kwenye daftari.

Saa nne umeme ulikatika. Ile ya fedha, iliyokuwa imewashwa pembeni ikingoja zamu yake na chargeur ikiwa bado kwenye mfuko, ilikuwa imeshazimika yenyewe. Ile nyeusi iliendelea. Saa tano iliendelea. Étienne alimaliza barua zote za wiki, akaanza zile za wiki ijayo, akiitazama mashine kama mtu aliyeletewa sahani ya pili bila kuomba.

"Bon," alisema hatimaye. "Minye nachukua hii."

Noella alihisi bega lake likianza kuuma, ingawa lilikuwa halina kitu.

"Lakini Sekretere, hii imekwaruzwa."

"Minye si mutu wa majivuno."

Lilikuwa jambo jipya kusikika katika ofisi ile.

"Haina A."

"A najua fasi inakaa. Weye chukua ile ya fedha. Inafaa binti."

Nje, kwenye kibaraza, Mzee Ngoga alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia juu ya goti, fimbo katikati ya miguu. Alikuwa ameshuka kutoka juu siku mbili kabla, na mlango ulikuwa wazi. Noella alipotoka alimkuta akitetemeka mabega kwa kicheko asichotaka kisikike.

"Mzee unanicheka."

"Kaa, mwanangu. Weye ulishaenda soko ya ng'ombe?"

"Nilienda kuandika tu."

"Basi sikia. Ng'ombe unayemutaka, humuangalie. Unamupita. Unaenda kwa yule mwingine, unamushika pembe, unamusifu, unauliza mama yake alikuwa nani. Yule unayemutaka unamuambia mwenyewe: huyu naye anakula majani ya nini?" Akapangusa macho. "Weye ulimuosha ng'ombe wako, ukamupaka mafuta kwenye pembe, ukamuleta mpaka mbele ya mununuzi mwingine. Sasa unalia."

"Si uamue tu, Mzee? Weye ndiye mwenyekiti."

"Minye naweka signature. Nikianza kuchagulia watu wazima mashine, kesho watanichagulia ng'ombe." Aliinamisha kichwa karibu. "Ulimuambia kwamba mlima ni siku mbili?"

"Anajua."

"Anajua kama vile minye najua Kinshasa."

Noella aliinuka. Kisha akarudi ndani. Hakumwambia Étienne neno juu ya mlima. Aliivuta ile ya fedha karibu, akaipangusa polepole, mbele na nyuma, akiimba chinichini. Umeme uliporudi saa nane aliichomeka, akatumbukiza clé, na mstari mdogo wa bluu ukaanza kutembea kwenye kioo: tatu kwa mia, nne kwa mia.

Étienne alivumilia hadi kumi na mbili kwa mia.

"Unafanya nini pale?"

"Najitayarishia mashine yangu, Sekretere. Asante kwa kuniachia."

"Asante ya nini?"

"Hivi tu. Kioo chake, hata ukikaa kwenye dirisha unasoma. Na sauti yake iko safi. Nitaiweka salamu."

"Salamu gani?"

"Ukiiwasha, inasalimia mwenyewe kwa jina. Jina na cheo."

Étienne alibonyeza kitufe kisicho na A, akakosea, akafuta.

"Cheo yote?"

"Yote. Ile nyeusi ndiyo haiwezi, sauti yake ni ya chura. Lakini weye si mutu wa majivuno."

Mstari wa bluu ulitoka ishirini hadi ishirini na sita kwa mia huku Étienne akiitazama ile ya fedha kwa pembe ya jicho. Noella alitumia nafasi hiyo kwenda kwa Mama Mapendo na simu yake, maana salamu ilihitaji sauti ya kusikika, na katika mtaa wote hakukuwa na sauti iliyoishinda ile.

"Sema tu: Karibu, Sekretere Mukuu Étienne."

Mama Mapendo alijifuta mikono, akavuta pumzi. "Karibuuu, Sekretere Mukuu Étienne! Ndagala mupya, ndagala ya leo!"

"Bila ndagala, Mama."

"Mudomo inaenda yenyewe."

Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu ndagala haikutajwa, ila mteja mmoja alisikika akiuliza kama wamekauka vizuri.

Noella aliporudi, Étienne alikuwa amesimama nyuma ya ile ya fedha, mikono mgongoni, akisoma mstari wa bluu.

"Noella."

"Ndiyo, Sekretere."

"Weye unazani minye ni kipofu? Ile nyeusi si Windows. Jina yake iko ndani, fasi ya chini. Niliisoma saa tatu asubuhi."

Noella aliweka simu mezani.

"Ni Linux, Sekretere. Ungeniuliza waziwazi, ningesema."

"Niliuliza."

"Uliuliza ni ya ngapi."

Étienne alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko kilichozuiwa. "Na mu hii unaweka hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Windows iliyokuwa ndani nimeihifadhi kwenye clé, ukikataa nairudisha."

"Barua zangu zikae mu clé mbili. Si moja. Mbili, na moja nalala nayo."

"Hata tatu."

"Sijasema nachagua nini." Aliinyoosha tai yake, ingawa ilikuwa imenyooka. "Maliza kwanza. Kesho asubuhi nitaangalia zote mbili mbele ya Mzee. Na hiyo salamu, iseme Mukuu. Sekretere Mukuu."

"Imeshasema."

"Ah," alisema Étienne, akarudi kwenye kiti chake upesi kidogo kuliko ilivyostahili.

Noella aliutazama mgongo wake kwa muda. Mchana alidhani yeye ndiye anayecheza hila ya soko la ng'ombe. Sasa hakuwa na hakika ni nani kati yao watatu alikuwa akimchezea nani.

Mstari ulifika sitini na moja kwa mia umeme ulipokatika tena. Betri ya ile ya fedha haikuwa imepata kitu cha maana. Noella alipunguza mwanga wa kioo, akaipepea kwa daftari, akaisemesha kwa upole kama mgonjwa. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Kioo kikawa cheusi.

Kazi ya namna hiyo ikikatika katikati haiendelei pale ilipoishia. Inaanza upya tangu sifuri. Umeme wa alfajiri huja saa kumi na mbili, ukija. Étienne huingia saa mbili, na mashine iliyokufa hataichagua. Chérie hufika saa sita kamili, na hajawahi kuchelewa kuchukua kilicho chake.

Noella aliandika hayo yote kwenye daftari, akaifunga clé kwenye ncha ya kitenge chake. Aliziweka kompyuta zote mbili juu ya meza, ile ya fedha mbele, inang'aa na imekufa, ile nyeusi nyuma yake. Kwenye kona, Tofali lilikuwa limekaa ndani ya mfuko wake wa safari, mikanda nje.

Mzee Ngoga aliingia kuaga. Alisimama mbele ya ile ya fedha, akavua kofia, akaikagua kutoka kushoto hadi kulia na kutikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akaigusa ile nyeusi kwa ncha ya fimbo, kama anayegusa kitu kilicholetwa na maji.

"Na huyu," aliuliza kwa sauti ya kufika hadi kwenye kiti cha Étienne, "anakula majani ya nini?"

Étienne hakugeuka, lakini aliacha kuandika.

Noella alifungua daftari tena, akaongeza mstari mmoja: *Kesho saa kumi na mbili, anza sifuri. Salamu, ondoa mteja.*