Karatasi ya Majibu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima, na kwa miaka thelathini hakuwahi kurudisha daftari bila kulisahihisha. Alipofariki ghafla aliacha madaftari ishirini na mawili mezani, na mtihani wa darasa lake ulikuwa Jumatatu.

Niliapa kuyasahihisha mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, Kiingereza changu cha kuombea maji tu. Lakini utaratibu wake niliujua: kwanza alilifanya zoezi yeye mwenyewe kwenye karatasi, kisha akalinganisha; na karatasi ya zoezi hili alishaiacha juu ya madaftari. Na zoezi lenyewe alishanieleza huku akicheka. "Sisi tunaweka 'ku' tunamaliza: nataka kusoma, nafurahia kusoma. Mwingereza ana njia mbili. Baada ya 'want' anatanguliza 'to', baada ya 'enjoy' anabandika 'ing' mkiani." Basi kazi ilikuwa ya macho, na macho yangu yamezoea kutafuta mshono uliopinda.

Nilikaa siku mbili, karatasi yake kushoto, kalamu yake nyekundu mkononi. Hasira zikanipanda. Aliyeongoza, muuguzi mmoja wa makamo, alipata kumi na moja kwa ishirini! Wengine hata kumi hawakufika. Mtu amewavujia jasho hivi, nao wanamlipa haya? Hata hivyo, chini ya kila alama mbovu niliandika alivyoandika yeye siku zote: Umejitahidi.

Ijumaa niliwapelekea darasani. Wakafungua, wakatazama alama. Hakuna aliyebisha. Wakanishukuru mmoja mmoja, nami nikatoka nimenuna. Muuguzi akanifuata nje.

"Mama, usitukasirikie. Mtihani tuko tayari. Ile karatasi ndiyo yenye makosa."

"Karatasi ya mwalimu wenu?"

"Tangu mwaka huu uanze alikuwa anachanganya. Alichotufundisha vizuri mwaka jana, sasa anakiandika kinyume. Akitoka tunafuta ubao, tunaandika upya. Alama tulikuwa tunapokea tu. Tulikubaliana mkuu asijue, wala yeye mwenyewe."

Nyumbani alikuwa akiniita kwa jina la dada yake, nami namtania kwamba uzee umeshapiga hodi. Funguo aliziweka kwenye kopo la sukari, nikacheka hadi machozi. Watu ishirini na wawili walimwona anapotea, wakamsitiri. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikuona kitu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nikaitoa ile karatasi mkobani. "Nioneshe."

Tukakaa kwenye ngazi. Yeye akawa anasoma, mimi natia alama: sawa, kosa, kosa, sawa. Tulipofika mwisho nikahesabu. Mume wangu alipata kumi na moja kwa ishirini. Nikamwandikia chini: Umejitahidi.