Kiti cha Kanisa Ndani ya Boti

Melania ndiye aliyeyasikia maji kwanza, na akanyamaza.

Yalikuwa chini ya mkeka, chini ya zile mbao tatu alizozipanga mwenyewe asubuhi ile pale ufukweni Katonga. Boti ilipopanda wimbi yalikimbilia nyuma, ilipoteremka yakarudi mbele na kugonga mbao kwa chini, kama mtu aliyefungiwa chumbani anayegonga taratibu. Ko. Ko-ko. Melania akabana magoti, akajifanya anaitazama milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Juu ya mbao zile, juu ya mkeka na kitenge kipya, kulikuwa na kiti. Wala si kiti cha plastiki. Kilikuwa kiti kikubwa cha mninga kutoka madhabahuni, chenye mgongo mrefu na msalaba uliochongwa, kilichobebwa na wanaume wanne kutoka kanisani mpaka ufukweni. Na juu ya kiti alikaa Baba Askofu Eliakimu na kanzu yake ya zambarau. Alikuwa anakwenda kufungua kanisa jipya katika kijiji cha kusini, kupita mdomo wa mto Malagarasi, ambako gari halifiki. Pamoja naye walikuwemo watu ishirini na sita, na wengi wao hawakujua kuogelea.

Basi turudi nyuma kidogo ili ieleweke maji yale yalifikaje pale.

Wiki tatu kabla, Melania alichaguliwa katibu wa kamati ya mapokezi. Aliutamani ukatibu ule miaka mingi. Wengine, kama jirani yake Veneranda, walisugua masufuria ya harusi na misiba bila kuchaguliwa na mtu yeyote. Yeye alitaka kile kitambaa cha njano cha kubandika kifuani. Alipokipata, akaapa kwamba mapokezi ya askofu yatazungumzwa kuanzia Gungu mpaka Simbo.

Sasa, boti ya mbao huvuja. Hata ukiiziba vizuri kwa pamba iliyolowekwa mawese, itaingiza maji kidogo tu, na maji hayo hukusanyika katikati, mahali palipoachwa wazi makusudi. Hapo hukaa mtu mmoja na dumu lililokatwa nusu. Kazi yake ni kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, tangu kuondoka mpaka kufika. Katika boti ya Saidi, nahodha wa Ujiji, mtu huyo alikuwa mzee Telesphory, suruali imekunjwa mpaka magotini, ananuka samaki wa migebuka hata siku ya sikukuu.

Na hapo katikati ndipo boti inapotulia kuliko kwingine. Ndipo Melania alipotaka kiti kikae.

"Mama, hapo tunatolea maji," Saidi alimwambia.

"Kwa hiyo askofu akae wapi? Kwenye magunia?"

"Akae chini kama watu wote. Boti si ukumbi."

"Saidi, wewe si wa dini yetu, hujui heshima ya askofu."

"Heshima naijua, mama. Na ziwa nalijua."

"Ziwa limelala kama maziwa kwenye kikombe! Ni mwendo wa saa nne tu. Hayo maji yako hayawezi kusubiri saa nne?"

Kisha akamgeukia Telesphory. "Mzee, shikamoo. Nenda kule mbele kwenye mizigo. Mgeni hawezi kurushiwa maji ya samaki miguuni."

"Marahaba," akaitikia Telesphory. Akachukua dumu lake, akaenda kukaa kwenye magunia.

Saidi alitikisa kichwa. Lakini boti ilikuwa imekodiwa na kanisa, na kwaya ilikuwa imekwisha kuanza kuimba. "Basi wewe kaa hapo chini, kando ya kiti," alisema. "Mimi huku nyuma injini inaniziba masikio. Ukisikia maji yanagonga mbao, piga kelele. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Ndiyo maana alikuwa amekaa pale. Masikio ya boti nzima yalikuwa ni yake.

Walipoiacha Ujiji nyuma, upepo wa kusini ukaanza. Kwanza ulicheza na vitambaa vya akina mama. Baadaye ukaacha mchezo. Mawimbi yakaja yamejipanga, meusi, yenye povu kichwani, na kwaya ikakata ubeti katikati.

Ko-ko. Ko-ko-ko.

Sema, Melania alijiambia. Lakini kusema maana yake ni kumwinua askofu, kukunja kitenge, kung'oa mbao na kumwita yule mzee arudi mbele ya watu wote. Na Veneranda yuko hapo hapo anaangalia. Akaona afadhali asubiri kidogo. Pengine upepo utapungua.

"Katibu, mbona huimbi?" Veneranda akauliza. "Umekwamwa na mfupa?"

"Kichwa kinauma."

"Kichwa! Na hayo magoti je? Naona yanacheza ngoma peke yao."

Wawili watatu wakacheka, kicheko kifupi cha watu wenye hofu. Melania hakuweza hata kukasirika. Alikuwa anaitazama kona ya mkeka. Ilikuwa ya manjano, na sasa ilikuwa inageuka kahawia, polepole, kama mkate unaokunywa chai. Akavua khanga yake ya mabegani, akaitandika juu ya kona ile.

"Baba, usipate baridi miguuni," alisema.

Askofu akatabasamu bila kuonyesha meno. Vidole vyake vilikuwa vimeing'ang'ania mikono ya kiti.

Nyuma Saidi alikuwa amesimama, ameshika usukani, anaitazama pua ya boti. "Mama Melania!" alipaza sauti. "Boti imekuwa nzito! Hapo vipi? Kukavu?"

Watu wote wakamgeukia. Aliona uso wa askofu juu yake, aliona kitambaa chake cha njano kikipepea, aliona midomo ya Veneranda iko tayari.

"Kukavu!" akajibu.

Neno lilipotoka tu, akayakumbuka mafundisho yake mwenyewe. Kila mwaka, wiki ya Pasaka, ndiye aliyewafundisha watoto habari za Bwana Yesu usiku ule wa mwisho: jinsi rafiki zake walivyogombania ukubwa, yeye akajifunga taulo, akashika beseni, akainama miguuni pao mmoja mmoja. Kila mwaka alipofika hapo kwenye beseni, alilia. Watoto walikuwa wanamngoja alie. Na leo ana maji miguuni pa mtu, anayafunika kwa khanga.

Ndipo likaja wimbi moja kubwa kuliko wenzake.

Boti ikalala upande wa kushoto. Boti hulala na kuinuka, ndivyo zilivyo. Hii ililala, na haikuinuka. Maji yaliyokuwa chini ya mbao yote yalikimbilia upande ule ule, na juu yake kile kiti kirefu na askofu wake vikaning'inia juu ya ziwa, vikiivuta boti kama mtu anayevuta tawi alivunje. Maji ya ziwa yakamiminika ndani. "Mana yanje! Mungu wangu!" akalia mtu. Melania aliona kina kile cha buluu karibu na shavu lake, kisicho na chini, na akajua kwamba wanakufa, na kwamba ni yeye anayewaua.

Kisha, taratibu mno, boti ikarudi. Ubao mmoja ukachomoka chini ya mkeka, ukaelea.

"Saidi!" Melania akapiga ukelele uliompasua koo. "Kumejaa! Nimedanganya, Saidi, kumejaa maji!"

Saidi hakumtukana. Hilo lilimwogopesha zaidi. Alipunguza injini, akaielekeza pua kwenye upepo.

"Wote chini!" akaamuru. "Kaeni ndani ya maji! Anayekaa juu ndiye anayetuzamisha! Na hicho kiti kitoke!"

"Kiti cha madhabahu?" akauliza mzee mmoja wa kanisa.

"Cha madhabahu, na wewe utakifuata ukiendelea kusimama!"

Askofu alikuwa ameshateremka. Alikaa sakafuni, maji ya kahawia yenye magamba ya samaki yamemfika kifuani, kama mtoto anayeogeshwa. Veneranda na wanaume watatu wakakipindua kiti kikaangukia ziwani. Kilielea kwa mgongo, msalaba ukitazama mbinguni, halafu wimbi likakichukua.

Telesphory alikuja akitambaa kwa tumbo juu ya magunia, dumu likining'inia shingoni kwa kamba. "Nani ana ndoo?"

Ndoo ilikuwepo moja, ya maua ya kumpokelea askofu. Melania akayamwaga maua.

"Piga magoti, mama, hapa ubavuni mwangu," alisema Telesphory. "Usisimame. Kichwa chini. Chota, mwaga. Usilitazame ziwa, tazama maji yaliyo ndani tu. Na mtu anishike miguu, nateleza!"

Aliyekuwa karibu na miguu ile alikuwa askofu. Akaishika kwa mikono miwili, miguu iliyopasuka visigino, yenye utelezi wa mafuta ya samaki, akaikumbatia kifuani.

Wakachota. Melania hakulitazama ziwa, lakini alilisikia, lilikuwa linapumua shingoni mwake. Alichota akiwa ameinama katikati ya magoti ya watu, mate ya hofu yakimtoka, akijigonga kichwa kwenye viatu vya kwaya. Aliyapimia maji kwenye kifungo cha tatu cha kanzu ya askofu. Maji yako kwenye kifungo. Akachota mpaka mabega yakawaka moto. Bado yako kwenye kifungo. Wimbi lingine likaingia, kifungo kikapotea.

"Mzee Telesphory, nisamehe," alisema huku analia. "Nilikufukuza mahali pako."

"Chota."

"Nilijua maji yapo, nika—"

"Chota, mama. Tutasameheana nchi kavu."

Akachota. Nyuma yake Veneranda akavua kofia ya mtu, naye akaanza kuchota, na mwingine akatoa sufuria. Hakuna aliyeimba wala kuomba kwa sauti. Kulikuwa na mlio wa maji tu, na Saidi akihesabu mawimbi kwa sauti ya chini, akiyasubiri yapite. Kifungo kikatokea. Kikapotea. Kikatokea, kikabaki.

Walipoona ziwa limegeuka rangi ya udongo, wakajua wamefika mdomoni mwa Malagarasi. Wakaupita, na Saidi akaingiza boti kwenye ghuba ndogo ya kile kijiji, ikapanda mchanga. Wenyeji walikuwa wamejipanga na matawi mikononi, wakawatazama watu wale wanaotetemeka, wasijue wampigie nani vigelegele.

"Askofu yuko wapi?" akauliza mama mmoja.

"Huyo hapo, aliyelowa kuliko wote," akasema Veneranda. "Kiti chake tumewaachia samaki, kuhe nao wapate askofu wao."

Watu wakacheka, wengine wakacheka na kulia pamoja. Melania hakucheka. Saidi alikuwa amekuja kusimama mbele yake.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema kukavu."

"Nilisema. Niliona aibu, nusura niwaue watu ishirini na sita." Alisema hivyo mbele ya wote. Kitambaa cha njano hakikuwepo tena kifuani. Hakujua kilipotelea wapi.

Askofu akajikamua pindo la kanzu. "Hata mimi nina neno," alisema. "Kile kiti kiliniogopesha tangu Katonga. Niliona kabisa kwamba si mahali pake. Lakini nikafikiri, mama huyu amehangaika, nitamwaibisha. Na, niseme kweli, kilinipendeza. Tungezama sote kwa heshima."

Siku ile alifungua kanisa akiwa na shati la kuazima, amekaa kwenye kigoda.

Kesho yake ziwa lilikuwa shwari, nao wakapanda boti kurudi. Watu walikaa sakafuni, askofu katikati yao, wamebanana. Melania alibaki ufukweni muda mrefu. Mwishowe akapanda, akaenda moja kwa moja mpaka pale pa kutolea maji.

"Mzee, shikamoo. Nipishe kidogo nikae hapa."

"Marahaba. Utanuka migebuka."

"Najua."

"Na utalowa."

"Najua, mzee. Nipe hilo dumu."

Telesphory akampa. Injini ikawaka, mchanga ukaachia. Melania akapiga magoti, akainamisha sikio karibu na mbao. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na bado aliogopa. Maji ya kwanza yalipoingia, kidogo tu, yasiyotosha hata kulowesha kidole, akayaona.

"Saidi!" akapaza sauti. "Yameanza!"

Akachota.