Dakika Nne za Doña Ercira

Zile dakika nne nilizifuta mimi mwenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha.

Kazi yangu ni kupanga safari za malori ya magogo yanayoshuka milima ya Nahuelbuta, huku kwetu Chile, kwenda kiwandani. Kompyuta naipa malori, shehena, barabara na foleni ya mizani, nayo inanitolea ratiba: nani apakie wapi, afike saa ngapi. Na kwenye kilomita ya thelathini na moja, katika kona kali, kila lori lilikuwa linapoteza dakika nne.

Sababu niliijua. Hapo ndipo Doña Ercira, yaani Bi Ercira, alipokuwa akisimama na bendera, akiwazuia wanaoshuka ili wanaopanda wapite, mpaka siku gogo lilipoporomoka kutoka kwenye lori likamuua. Barabara ilishapanuliwa, lakini madereva walimjengea kibanda kidogo cha mbao, wakaweka picha yake na chupa za maji kama sadaka, wakaendelea kumsubiri dakika nne zilezile kana kwamba bendera bado anayo. Malori arobaini mara nne, dakika mia na sitini kwa siku. Nikaandika sifuri.

Madereva walinicheka. Walisema Ercira hapangiwi ratiba na mtoto wa ofisini, wakaendelea kusimama. Aliyenitii ni mmoja tu, kaka yangu Edgardo wa lori namba kumi na saba, tena si kwa kuniamini. Hakutaka niaibike mbele ya bosi.

Jumatatu alipita bila kusimama, akafika mizani amechelewa dakika nne. Jumanne, nane. Jumatano, kumi na sita. Nikadhani kifaa cha kufuatilia lori kimeharibika, maana kilionyesha mwendo wa kilomita arobaini kwa saa mfululizo, hakuna mahali aliposimama. Wenzake waliosimama walifika kwa wakati.

Alhamisi zilikuwa thelathini na mbili. Nikamfuata kantini, nikamkuta kashika mkate bila kuula.

"Kaka, siku hizi unalala njiani?"

"Mteremko umerefuka, Mireya. Msonobari mmoja naupita mara mbili, mara tatu."

"Acha masihara."

"Haya, bibi hesabu. Mwenye kompyuta ni wewe, iulize."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na mimi ndiye niliyesomea namba, najua zikijirudia maradufu zinaelekea wapi. Nilichokiogopa ni bosi kujua kwamba ratiba yangu imeshindwa.

Ijumaa tuliamka na ukungu. Ilipofika saa tatu asubuhi sikuweza tena kuvumilia. Nikazirudisha dakika nne kwenye ratiba, nikashika redio ya upepo.

"Kumi na saba, leo simama kwa Ercira. Mimi ndiye niliyekosea."

"Afadhali umesema mwenyewe. Nitasimama nikifika."

"Uko wapi?"

"Nateremka. Bado kidogo tu."

Hiyo ilikuwa Aprili, na sasa ni Agosti. Polisi walishuka mpaka mabondeni, hawakupata hata ganda la gogo. Kwenye kioo cha kompyuta yangu alama ya lori lake inashuka mlima kwa mwendo wa arobaini, mchana na usiku, wala kona haifiki. Bosi huifuta namba kumi na saba kwenye orodha kila jioni. Kila asubuhi mimi huirudisha, nikamwekea dakika zake nne na nafasi yake kwenye mizani. Maji nimempelekea Ercira mpaka kibanda hakina pa kuweka chupa nyingine. Madereva hawanicheki tena. Wakikaribia kona ile wanazima redio zao.

Yangu siizimi. Saa tatu sauti yake inaingia, changamfu, sauti ya mtu aliyeondoka nyumbani asubuhi hiyohiyo.

"Mdogo wangu, mizani kuna foleni leo?"

"Hakuna, kaka. Unasubiriwa wewe tu."

"Basi niwekee mkate. Bado kidogo tu."