Jani Lililotazama Chini

Jicho alipewa jina hilo enzi anaona. Alikuwa akitupia fremu ya geti macho kwa mbali, anasema upande wa kushoto umeinuka, na ukipima unakuta kweli umeinuka. Sasa macho yamekwisha, yameliwa na ugonjwa na miaka ya kuchomelea, lakini jina limebaki, na mwenyewe alilifanyia mzaha: "Pisheni njia, Jicho anapita."

Fundi alikuwa hawezi tena kuucheka mzaha huo. Alikuwa mume wa dada yake Jicho, na wote watatu waliishi nyumba moja. Alifika kwenye karakana ya Jicho ya mageti hajui hata kushika koleo. Jicho akamfundisha, akamlisha, mwisho akampa na dada. Macho yalipoanza kufifia walikubaliana mapato yawe nusu kwa nusu, kama zamani. Mwanzoni Fundi aliona ni haki. Baadaye moyo ukaanza kunung'unika: mimi nainama juani, mwenzangu kakaa kwenye benchi anapiga soga, jioni tunagawana sawa. Tamaa haipigi hodi. Ilikuta mlango umerudishiwa tu, ikaingia. Akakodi banda nyuma ya wauza mbao, akanunua mashine yake, akawa anawapeleka huko wateja wanono. Jicho akiuliza mbona kazi zimepungua, anajibiwa hali ngumu, shemeji.

Asubuhi moja Jicho aliingia karakanani anahema, vidole vina vumbi la kuta alizokuja akizipapasa. Alikuwa ametoka kumjulia hali mgonjwa mtaa wa pili. Alipokuwa akisubiri kufunguliwa aliegemea geti, na mkono wake ukakutana na ua la nakshi lililochomelewa hapo.

"Shemeji," alisema, "tumeibiwa."

Ua lile lilikuwa lao. Majani matatu ya chuma, mawili yanatazama juu, la tatu chini. Lilizaliwa kwa kosa. Fundi, angali mwanagenzi, aliweka chuma kinyume kwenye kalibu, kile kiunzi cha kukunjia maua, akakunja, akakaa anasubiri kufokewa. Jicho alicheka tu. Akasema liache, hata ua linachoka shingo. Wateja wakalipenda, likawa alama yao.

"Kosa hilo ulikosea wewe, hakuna mtu wa kuliota," Jicho aliendelea. Alikuwa ameshauliza, mwenye geti alimwambia limetengenezwa kwenye banda nyuma ya wauza mbao. "Nipeleke. Sitampiga. Nataka aniambie nimemkosea nini."

Fundi alisema kazi imebana. Akasema mvua inakuja. Akasema watu wa kule wakorofi.

"Basi nitakwenda na dada yangu."

Fundi akavua glavu.

Walitoka wameshikana mikono kama siku zote. Njia nzima Jicho aliongea. Alisema amekuwa akiona haya kukaa kwenye benchi anakula jasho la mwenzake, na kwamba amepanga karakana yote iwe ya Fundi, mashine, kalibu na jina. Ndiyo maana wizi huu umemuuma: alitaka amkabidhi kitu kizima, si kitu kilichokwisha kutafunwa.

Kwenye njia panda Fundi alisimama. Kushoto kulikuwa na fundi mwingine wa mageti, mtu mwenye mdomo mchafu, ambaye angesingiziwa lolote na watu wangeamini.

"Mbona tumesimama?"

"Gari linapita."

Hakukuwa na gari. Jicho alitega sikio. Fundi akakata kulia.

Walifika mlangoni mwa banda. Fundi akatia mkono mfukoni, akafungua kufuli.

Jicho aliisikia ile kufuli. "Hujapiga hodi," alisema. "Ufunguo umeutoa wapi?"

"Mfukoni kwangu, shemeji."

Jicho aliingia akipapasa. Akaigusa mashine, akaigusa meza, akaipata kalibu, akapitisha kidole kwenye ule mkunjo wa tatu. Fundi aliomba atukanwe. Kichwani alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na kila alilolishika lilikuwa limeoza.

"Dada yangu anajua?"

"Hajui."

"Mimi simwambii. Nilikupa mwenyewe kwa mkono wangu. Siwezi kumwendea tena nikamwambia nilimpa mume wa namna gani." Akairudisha kalibu mezani, polepole. "Nirudishe nyumbani. Njia ya huku siijui."

Fundi akamnyoshea mkono, ukamgusa kiganja. Jicho akauacha. Akashika ncha ya shati la Fundi kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba kitambaa cha kufutia grisi, wakaenda hivyo hivyo. Muuza viatu akawapigia kelele, "Pisheni njia, Jicho anapita!" Jicho akapita tu.

Mke wa Fundi alikuwa anafagia mlangoni. Alipowaona akacheka.

"Leo vipi, kaka? Mmegombana nini, mbona hamjashikana mikono?"

Jicho aliachia shati. Akageuza uso upande aliposimama Fundi, na yeye anasubiri jibu.