Kiinua Mgongo cha Mama Lifti

Wapangaji wa majengo marefu ya mjini walimwita Mama Lifti, kwa kuwa lifti ikikwama, yeye ndiye aliyekuja na mkoba wa vifaa kuwafungulia. Mkataba wake na kampuni ya matengenezo ulikuwa unakaribia kwisha, na sharti la kiinua mgongo lilikuwa wazi: anayemaliza analipwa, anayeondoka kabla, hata kwa siku moja, asahau.

Ndipo hospitali kubwa ikampigia simu. Walitaka fundi wao wenyewe, kwa mshahara mnono, na walimtaka mapema.

"Waambie wasubiri," alisema mumewe, kinyozi, huku akimnyoa mteja. "Ng'ombe umemla mzima, mkia ndio ukushinde?"

"Na wakimchukua mwingine?"

"Mafundi wa lifti hawaokotwi barabarani."

Mteja, ambaye hakuna aliyemuuliza, alitikisa kichwa kukubali, nusura akatwe sikio.

Hospitali ikakubali kungoja kidogo. Tangu hapo Mama Lifti hakutulia. Alihofia kosa lolote dogo lingempa bosi sababu ya kumfukuza. Alikaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Alifunga chumba cha mashine, akashuka orofa mbili, akarudi kuujaribu mlango. Simu ikiita, alijiuliza: hospitali wamechoka, au bosi amesikia? Nyumbani aliosha vyombo safi, hata mama mkwe akamwita pembeni.

"Mwanangu, una mimba?"

"Sina, mama. Nina mkataba."

Siri ilipomlemea, alimwambia fundi mwenzake, waliyempachika jina la Kimya kwa sababu neno halikumtoka ovyo. Walikuwa juu ya paa wakibadilisha breki.

"Hongera, dada," alisema Kimya, akaendelea kufungua nati.

Wiki iliyofuata Kimya hakuonekana kazini. Alikuwa ameacha kazi, na kiinua mgongo chake amekiacha palepale. Mama Lifti alimpigia akiwa ameinama juu ya mota.

"Uko wapi?"

"Hospitali." Kimya akavuta pumzi. "Nisamehe, dada. Nilikuja kuuliza kama wanahitaji mafundi wawili. Wakasema mmoja, na aanze leo. Mimi subira yako sina."

Matusi yalimjaa mdomoni. Akakata simu, akamalizia kupaka grisi, maana huko chini watu walikuwa wanangoja lifti.

Mkataba ulipokwisha, bosi alimpa hundi yake na mkataba mpya kwa mkono mmoja. "Kimya katukimbia. Sasa nguzo ni wewe. Tia sahihi, nitakuongezea marupurupu."

Alishika kalamu. Akairudisha mezani.

"Hapana, bosi," alisema, akajishangaa. "Mimi hapa nilishaondoka zamani. Nilibaki kungoja malipo tu."

Mumewe aliposikia, alizima mashine katikati ya kichwa cha mtu. "Ya hospitali imekwenda, na huku umekataa?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa naogopa, baba watoto." Akaketi kwenye benchi la wateja, akainuka, akaketi tena.

Asubuhi alitoka akaenda jengo hadi jengo, akijinadi mwenyewe. Wasimamizi wawili walimcheka. Wa tatu hakuwa na nafasi ya kucheka. Lifti yake ilikuwa imesimama tangu juzi na wapangaji walikuwa wamemzunguka kama nyuki.

"Uko na kampuni gani?" aliuliza.

"Yangu," alijibu Mama Lifti, naye ndio kwanza alikuwa anaisikia.

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, na kile kiinua mgongo kiliishia kwenye ngazi, winchi na kodi ya nyumba. Usingizi aliupata kwa taabu. Mama Lifti alimsamehe Kimya, ila ilichukua muda. Na hadi leo wakikutana, humsimulia habari za mvua tu.