Fungeni Mikono Mgongoni

Kina mama wenzangu, mkienda kuangalia sanaa, fungeni mikono mgongoni. Mimi sikufunga.

Binti yangu Akech aliacha uuguzi akawa msanii, na tangu hapo sipati usingizi. Alipoonyesha kazi yake mjini, nilimburuta rafiki yangu Nzilani, tunayeuza naye mitumba Gikomba, tukaone mtoto amepotea kiasi gani.

Chumba cha kwanza cha maonyesho tuliangalia picha kimya kama tuko matangani. Cha pili tukakuta rundo la nguo sakafuni. Mikono haikuniuliza. Niliinama nikachambua, nzuri huku, fagia, yale mabaki ya bei ya chini, kule, Nzilani akikunja.

"Mama Akech, hawa hawajui kupanga mali," akasema.

"Gikomba wangelala njaa," nikajibu.

"Mama!" Akech alikuwa mlangoni, ameshika kichwa. "Hiyo ndiyo kazi yangu!"

Nilitaka kulia. Yeye akavua viatu. "Tupange upya kabla wageni hawajafika."

Tukapanga. "Hapana, Mama, hilo koti linaangalia dirisha. Hiyo sketi nilitupa, sikukunja."

Kila nguo alijua mahali pake. Nilifokewa vile mimi hufokea wasaidizi wangu, nikatii. Nilienda kuona kama mtoto ana kazi, nikakuta anayo, na karibu nimfutishe kazi hiyo.